Huyo Alikuwa na Watoto?

Kitabu nilipewa na mzee mmoja tuliyefanya naye kazi, wiki aliyostaafu. Alikuwa anamwaga droo zake. Akikuta kitu anakitazama, kisha ama anakitupa ama anampa aliye karibu. Aliye karibu nilikuwa mimi. "Ukurasa mmoja kwa siku," aliniambia. "Ukila chote kwa mkupuo utavimbiwa." Nikacheka, nikakitia mkobani, na usiku uleule nikasoma Januari na Februari nzima nikiwa kitandani, najiona msomi. Kulipokucha sikukumbuka hata sentensi moja. Nilikumbuka tu kwamba yalikuwa maneno mazuri.

Kwa ambaye hajakutana na kitabu cha aina hii: kila tarehe ina ukurasa wake, na kila ukurasa una jambo lake. Leo hasira, kesho kifo, keshokutwa uongo, au kazi, au kula kwa kiasi. Chini ya jambo hilo yamepangwa maneno machache ya watu wa zama na dini mbalimbali: Buddha, Seneca Mrumi, Confucius Mchina, Talmudi ya Wayahudi, Pascal Mfaransa, Kant Mjerumani. Changu kilikusanywa na Leo Tolstoy, yule Mrusi wa riwaya nene. Wazo lake aliliandika kwenye shajara mwaka 1884, toleo la kwanza likatoka 1903, na mpaka anafariki 1910 alikuwa bado anapanga upya, anaongeza, anapunguza. Mtu ambaye angeandika chochote na dunia ikakisoma, akaamua kutumia uzee wake kunakili maneno ya wengine. Kwa kweli hilo ndilo lililonivuta mwanzoni, kuliko hayo maneno.

Mtindo wenyewe si wake. Wakristo wa Herrnhut, Ujerumani, wamekuwa wakichapisha neno la kila siku tangu 1731, na aya zao za Agano la Kale huchaguliwa kwa kura. Nimependa hilo la kura. Tolstoy yeye hakupiga kura. Alichagua, na uchaguzi wake una mambo yake, nitayasema.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mtu wa kalamu nyekundu. Nilisoma nikiwa nimekaa pembeni mwa kitanda, kabla sijagusa simu, na kila sentensi iliyonichoma naipigia mstari. Nikimaliza, hapo sasa naichukua simu: napiga picha mistari yangu, naituma kwa watu kama kumi na tano. Rafiki yangu mmoja alivumilia miezi minne. Asubuhi moja akajibu, "Za asubuhi kwanza." Nikapandisha juu mazungumzo yetu nione. Kweli, muda wote huo sikuwa nimemsalimia hata mara moja. Nilikuwa namrushia maneno ya Marcus Aurelius bila kumjulia hali.

Lakini aibu kubwa ilikuwa bado.

Siku hiyo ukurasa ulikuwa wa hasira. Saa kumi na mbili asubuhi niliusoma, nikapiga mstari mmoja, nikauona hautoshi, nikapiga wa pili juu yake, na pembeni nikaandika: "Kweli kabisa!" Saa mbili kasoro nikiwa nataka kutoka, ujumbe wa kaka yangu ukaingia. Mwezi ule ilikuwa zamu yake kumpeleka mama kliniki ya macho, naye akaandika kwamba kazi imembana, hataweza, nimsaidie. Nilijibu nikiwa nimesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Ujumbe ulikuwa mrefu mpaka simu ikaukata, ikaweka lile neno la kumwambia mtu afungue asome zaidi. Niliorodhesha miezi. Niliorodhesha safari, nani alilipa nini, nikajumlisha kabisa, kama karani. Nikamalizia kwa kumtaja marehemu baba, kwa sababu najua pale ndipo panapomuuma kaka.

Akajibu, "Sawa."

Niliporudi jioni kitabu kilikuwa kitandani, wazi palepale nilipokiacha. Mistari miwili myekundu. "Kweli kabisa!" na alama ya mshangao ambayo niliikandamiza mpaka ikatoboa karatasi kidogo. Nilikaa nikautazama ule mwandiko kama wa mtu nisiyemfahamu. Kisha nikachukua kalamu ileile, nikaandika chini yake: "Leo saa mbili nimemtumia kaka ule ujumbe." Basi. Tangu siku hiyo sikupiga mstari tena. Nikisoma ukurasa naandika pembeni jambo moja ambalo mimi nimelifanya siku hiyo au jana yake, liwe linahusiana au lisihusiane. Mara nyingi halihusiani. "Nimechelewa kazini kwa uvivu." "Nimemcheka fulani nyuma yake." Mambo madogo, lakini ni yangu.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba Seneca alikuwa ameshaliona tatizo hili karibu miaka elfu mbili iliyopita. Katika barua zake kwa rafiki yake Lucilius alikuwa na desturi ya kufunga barua kwa msemo mmoja wa hekima, kama zawadi. Mwenzake akaizoea zawadi, akataka zaidi. Katika barua ya 33 Seneca akamkatalia. Akamwambia, kwa maana yake, kwamba mtu mzima kushikilia misemo ya kukariri ni fedheha: Zeno alisema hivi, sawa, na wewe unasema nini? Nilifurahi kuipata barua ile, na nikaona vichekesho vya kuikuta kwa sababu ya kitabu cha misemo.

Kuhusu kaka: hatukugombana. Tuliendelea kuongea, lakini kama watu wawili wanaobeba meza kupita mlangoni. Shika hapo, inua kidogo, geuza, haya. Mwaka ukaisha hivyo.

Kisha mama akahamia kwangu. Presha ya macho ilikuwa imeshamla karibu nuru yote. Alikuwa anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akipita, zaidi ya hapo hapana. Na huyu ni mwanamke ambaye maisha yake yote alisoma chochote kilichopita mbele yake, mpaka kipande cha gazeti kilichofungiwa kitu. Asubuhi ya pili au ya tatu akasikia nafunua karatasi.

"Unasoma nini?"

"Kitabu cha hekima, mama."

"Sasa hekima ndiyo unaisoma kimyakimya? Paza sauti."

Hapo ndipo kitabu kilipoanza upya. Kwa sababu changu ni tafsiri ya Kiingereza, na mama Kiingereza chake ni cha salamu, ilibidi nisome sentensi kwa macho, niigeuze kichwani, nimwambie kwa Kiswahili. Nilidhani kazi ndogo. Sentensi ya kwanza kabisa ilikuwa inahusu roho ya mwanadamu.

"Roho ipi?" akauliza.

"Roho, mama. Ya mtu."

"Ndiyo nauliza ipi. Ile inayotoka mtu akifa, au ya mtu kuwa na roho ya korosho?"

Nikarudi kwenye sentensi. Kweli, ni ipi? Je, ni nafsi? Au ni moyo? Mwandishi alikusudia kile kinachobaki mwili ukioza, au kile kinachonisuta nikimdanganya mtu? Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo mwaka uliotangulia na kuipigia mstari mwekundu bila swali hilo kunipitia akilini. Tukakubaliana kwamba hapo ni nafsi, na siku zilizofuata tukawa tunabishana kila neno hilo likitokea.

Kuna maneno ambayo kwa Kiingereza yalikuwa yanang'aa, nikiyageuza kuwa Kiswahili cha kumwambia mama yanabaki maji matupu. Nilikuwa nikianza kuzungukazunguka, "yaani anamaanisha kwamba, jinsi ninavyoona," mama ananikata: "Hujamwelewa, au na yeye hakujielewa." Mara nyingi ilikuwa ya kwanza. Mara nyingine, nasema bila woga, ilikuwa ya pili. Wenye hekima nao hupenda kusikika. Na mengine yaligeuka kuwa kitu ambacho mama alikuwa nacho tangu utotoni. Nahangaika na ukurasa mzima kuhusu kujinyima, naunganisha Buddha na Epictetus, nikimaliza anatikisa kichwa: "Mtaka yote hukosa yote." Mistari kumi na tano, na yeye ameifunga kwa maneno manne.

Mwanzoni hilo lilinivunja moyo. Nikajiuliza nahangaika na Warumi wa nini wakati methali zipo. Nimekuja kuona hivi: methali tumezisikia sana mpaka zimekuwa laini, zinapita masikioni bila kugusa pande. Ukurasa ule mrefu ulikuwa unanizungusha njia ya mbali, nikifika nyumbani naona nyumba kama mgeni. Halafu methali zenyewe hazikubaliani. Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Hatujawahi kusema kwamba mojawapo ni ya uongo. Tunajua kila moja ina siku yake, na ujuzi wa kutambua siku ndio hasa unaotafutwa. Kitabu changu nacho ndivyo kilivyo. Wiki moja kinakuambia jitenge na watu, wiki inayofuata kinakuambia hakuna maisha ila na watu. Anayetaka kitabu kisichojipinga atafute cha hesabu.

Swali lenyewe lilianza na Marcus Aurelius. Ulikuwa ukurasa kuhusu kuvumilia wasumbufu, na yeye ndiye bingwa wa jambo hilo. Mwanzoni mwa sehemu ya pili ya maandishi yake anajiambia alfajiri kwamba leo nitakutana na mdaku, na asiye na shukrani, na mwenye kiburi, na nisiwakasirikie. Mama alisikiliza, akauliza:

"Huyo alikuwa na watoto?"

Nikasema alikuwa mfalme wa Roma. "Sijauliza kazi yake." Nikasema sijui, nitatafuta. Jioni nikatafuta. Alitawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, na alizaa watoto wasiopungua 13, wengi wao akawazika mwenyewe. Mama akanyamaza kidogo. "Basi anajua anachokisema. Na waliobaki?" Nikamwambia mmojawapo, Commodus, alirithi kiti, akawa mtawala wa hovyo mpaka akauawa. "Eeh," akasema. "Hata yeye."

Tangu hapo kila jina lilipita kwenye mlango huo. Buddha? Kwa mapokeo alikuwa na mtoto mmoja, Rahula, naye alimwacha akiwa mchanga usiku alipotoka nyumbani kuitafuta njia. "Na mama wa mtoto?" Nikasema mapokeo yanasema miaka mingi baadaye mtoto aliingia katika watawa wa baba yake, na mama yake naye akafuata. "Walimfuata wao," akasema mama, na sikuwa na la kuongeza.

Epictetus ndiye aliyempenda. Alizaliwa mtumwa, alikuwa anachechemea, hakuandika hata mstari. Tulicho nacho ni maneno yaliyoandikwa na mwanafunzi wake Arrian. Hakuoa. Uzeeni, inasimuliwa, akamchukua mtoto wa rafiki yake ambaye alikuwa anaelekea kutupwa, akamlea. Mama aliposikia hilo akamweka kwenye kundi lake mwenyewe. Kukicha anauliza, "Leo mtumwa yumo?" Kama hayumo, anasikiliza lakini kwa sikio moja. Kwa ajili yake nikatafuta maneno kamili ya Epictetus, nje ya mkusanyiko, na nikashtuka. Kwenye kitabu changu ni mzee mpole anayekufundisha kutenganisha yaliyo mikononi mwako na yasiyo mikononi mwako. Kwenye maneno yake kamili anawakejeli wanafunzi, anawaita watumwa, anawauliza kama wamekuja shule kujifunza au kusifiwa. Pilipili yote ilikuwa imetolewa.

Hapo ndipo mkono wa Tolstoy unapoonekana. Mwenyewe hakuficha: katika utangulizi alieleza kwamba alifupisha, aliacha maneno, na mengine aliyapata kupitia tafsiri za lugha nyingine, kwa sababu lengo lake lilikuwa kumpa msomaji kitu cha kila siku, si kuhifadhi kila neno. Namshukuru kwa kusema. Lakini matokeo yake ni kwamba watu wote mle ndani wanaongea kwa sauti moja, na sauti hiyo ni ya mzee wa Kirusi ambaye kanisa lake lilimtenga mwaka 1901. Buddha na Pascal wanasikika kama mtu na binamu yake. Ukiwasoma kila mmoja kwake, hawangekaa meza moja kwa amani hata dakika kumi. Tangu nilipojua hilo nimeacha kusema "Pascal alisema"; nasema "nimesoma mahali".

Ndugu yetu mmoja aliposikia habari za usomaji wetu wa asubuhi alipiga simu kuuliza kama hatuchanganyi dini. Mama alimjibu kwamba sala zake anazisali kama kawaida, na kwamba mtu wa mbali akisema kweli yeye hazibi masikio. Akakata simu, akaniambia, "Endelea." Sikuwa na jibu zuri kama hilo, na mpaka sasa sina.

Pascal tulikaa naye muda mrefu kuliko wengine, ingawa hakuwa na watoto na mama alikwishamkatia pointi. Nilimsimulia habari ya koti. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654 Pascal alipata jambo ambalo hakuwa na maneno nalo, lililodumu kama saa mbili hivi. Akaliandika kwenye karatasi kwa vipandevipande vya sentensi, moto, furaha, machozi ya furaha, kisha akaishona karatasi ndani ya bitana ya koti lake. Alikuwa akinunua koti jipya anaifumua na kuishona tena. Alipokufa mwaka 1662 mtumishi wake akahisi kitu kigumu ndani ya nguo.

"Hakumwambia mtu?" mama akauliza.

"Hakumwambia."

"Miaka yote hiyo."

"Miaka minane karibu."

Alipapasa ukingo wa kanga yake kwa vidole, taratibu, kama anayetafuta mshono.

Na Rousseau, mwanafalsafa, ndiye aliyetugombanisha. Ukurasa ulikuwa mzuri, na jioni nikamletea jibu la swali lake: watoto watano, wote wakapelekwa kwenye nyumba ya watoto wa kuokotwa, mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1762 mwanamume huyohuyo akatoa kitabu maarufu kuhusu jinsi ya kulea mtoto. Mama akaniambia nifute ukurasa ule. Nikamwambia kitabu hakifutwi, na kwamba kweli ni kweli hata ikitoka kinywani mwa mwizi. "Ya mwizi kuhusu kufuli nitasikiliza," akasema. "Ya mtu huyu kuhusu watoto, hapana." Nilijaribu siku mbili kumshinda kwa hoja, sikuweza. Sijui hata leo nani kati yetu yuko sahihi. Najua kwamba nikikutana na jina lile natafsiri kwa sauti ya chini, na yeye anajua ni nani.

Nisije nikaonekana mtu wa nidhamu: kuna majuma tulikosa kabisa. Nilikuwa na tabia, nikikosa siku nne, ya kurudi nyuma na kusoma kurasa nne ili "kulipa". Zikifika kumi deni linakuwa kubwa, nakiogopa kitabu, nakiweka chini ya nguo. Mama ndiye aliyekataa. "Soma ya leo. Ya jana imeshaenda na wenyewe." Ni shauri la maana kuliko mengi niliyoyakuta ndani.

Na kuna siku kitabu hakina msaada wowote. Asubuhi daktari alipotuambia kwamba nuru iliyopotea hairudi, ukurasa wa siku ulikuwa wa kula kwa kiasi. Nilimsomea hivyohivyo. Akasema, "Leo hawajatukumbuka," akageukia ukutani akalala.

Swali la watoto lilimfikia na mkusanyaji mwenyewe. Nilikuwa nimelikwepa. Tolstoy alioa mwaka 1862, akapata watoto 13, na yule mkewe alinakili miswada yake kwa mkono mara nyingi. Mwishoni nyumba ikawa vita, juu ya wosia, juu ya haki za vitabu, juu ya mali aliyokuwa anataka kuiacha. Akiwa na miaka 82, usiku wa baridi, akaondoka bila kumuaga mkewe, akaugua ndani ya treni, akafia nyumbani kwa msimamizi wa stesheni ndogo. Mkewe alifuata, lakini walimzuia mlangoni, wakamruhusu kuingia wakati mgonjwa hajitambui tena. Tolstoy, mtu aliyenakili kurasa kwa kurasa juu ya kusamehe.

Nilitegemea mama atamfukuza kama Rousseau. Akauliza, "Mkewe jina lake nani?"

"Sofia."

"Na yeye aliandika?"

"Aliandika shajara, miaka mingi."

"Basi kuna siku tusome na yake."

Ukurasa wa hasira ulirudi mwaka wa pili, kama kila tarehe inavyorudi. Nilifunua nikaona wino mwekundu na ile sentensi yangu chini. Nikatafsiri maneno ya juu harakaharaka. Mama akasema, "Hasira hasara," kama nilivyojua atasema. Nikabaki kimya. Lilikuwa jambo la kumwambia, kwa sababu ule ujumbe ulihusu yeye, safari zake, macho yake, na nilikuwa nimempigia hesabu kama mzigo. "Mbona umenyamaza?" akauliza. Nikasema natafuta neno.

Mwaka wa tatu, wiki ya tarehe hiyo, nilikuwa safarini kikazi. Kaka alikuja kukaa na mama. Nilimwachia maelekezo ya dawa za matone, saa ngapi jicho lipi, na nikamwambia kuna kitabu juu ya meza, mama atakuonyesha. Sikukumbuka tarehe. Naapa sikukumbuka, mpaka nilipokuwa nimeshafika ninakokwenda, usiku, nikakaa kitandani ghafla.

Hakupiga simu. Tulipoongea, tuliongea habari za matone.

Niliporudi kaka alikuwa ameshaondoka asubuhi hiyo. Nilisalimia, nikaweka mzigo, nikasubiri mama apate usingizi wa mchana ndipo nikakifunua. Mistari miwili myekundu. "Kweli kabisa!" Chini yake sentensi yangu. Na chini ya sentensi yangu, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa kaka wenye herufi zilizoegemea nyuma: "Nilikuwa nimesimama kwenye foleni nilipousoma."

Jioni, wakati wa matone, mama ameinua uso na mimi nimeshika kichupa, akaniambia kaka yangu hasomi vizuri. Anaruka maneno. Kuna siku alifika katikati ya ukurasa akanyamaza muda mrefu, mpaka mama akamuuliza mbona umenyamaza, naye akasema anatafuta neno.